Acheni Kuongeza Mawe

Eldoret kuna ushauri unaotolewa bure na kila mtu, kuanzia bawabu wa benki hadi makanga wa matatu: mwavuli wa biashara ukiangushwa na upepo, ongeza jiwe. Ukianguka tena, ongeza la pili. Ukivunjika, basi kosa ni la mwenyewe, hakuweka uzito wa kutosha. Nimeusikia ushauri huo kando ya Barabara ya Uganda, nimeusikia pembeni mwa soko kuu, nimeusikia Langas na Huruma, na popote nilipousikia sijaona mtu akiuhoji. Naupinga. Haukubaliani na jinsi upepo unavyofanya kazi, unawamaliza migongo watu wanaoishi kwa mauzo ya siku, na unawavua lawama waliostahili kuulizwa tangu mwanzo.

Sisemi uzito hauna kazi. Stendi isiyo na uzito haisimami hata asubuhi iliyo tulivu. Ninachokataa ni imani kwamba uzito ndio jibu zima, kwamba kati ya mwavuli uliosimama imara na ule ulioruka hadi katikati ya barabara tofauti ni mawe tu. Imani hiyo imekita mizizi kiasi kwamba ndiyo inayoamua umbo la karibu kila stendi unayoiona mjini, na umbo hilo ndilo linaloangusha miavuli.

Zitazameni stendi zenyewe. Ya kawaida kabisa ni ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa zege, katikati ikasimikwa paipu ya kupokea mlingoti wa mwavuli. Wengine hutumia rimu ya gari iliyochomelewa paipu na fundi wa jua kali. Wengine wana tairi kuukuu lililomwagiwa zege, na hili lina faida yake, maana jioni unalisimamisha na kuliviringisha hadi stoo. Halafu kuna wasio na stendi kabisa: mlingoti umezamishwa ndani ya mtungi wa mchanga, au umefungwa kwa blada kwenye mguu wa meza, na juu ya meza likawekwa jiwe la kujengea. Chini ya miavuli hiyo hufanyika sehemu kubwa ya biashara ndogo ya Eldoret. Tangu M-Pesa ianze mwezi Machi 2007, mwavuli umekuwa ofisi ya watu wengi: kuna anayeweka na kutoa pesa, anayesajili laini, anayeshona viatu, anayeuza ndizi, maparachichi na sukuma wiki. Uondoe mwavuli kwa saa moja ya jua la mchana uone sukuma wiki inavyonyauka. Uondoe mvua inapoanza uone simu na daftari la wakala vinavyolowa. Anayepoteza mwavuli hapotezi kivuli tu, anapoteza siku, na akiwa hana akiba anapoteza na kesho yake.

Kwa hiyo tuifanye hesabu sawasawa, maana haijawahi kufanywa kwa niaba yake.

Upepo hausukumi stendi. Unasukuma kitambaa, mita 2 juu ya ardhi, na mlingoti unafanya kazi ya mtaimbo: kila kilo ya msukumo kule juu hufika chini ikiwa imezidishwa kwa urefu wote wa mlingoti. Kinachoizuia ni uzito wa stendi, nao unazidishwa kwa umbali kutoka katikati ya stendi hadi ukingo ambao itapindukia. Umbali huo ndio unaosahauliwa. Watu wanahesabu kilo, hawahesabu sentimita.

Chukua mwavuli wenye upana wa mita 2 na kuba lenye kina cha karibu nusu mita. Upepo ukiupiga ubavuni unakuta eneo la takriban mita za mraba 0.6. Hewa ya Eldoret, kwenye kimo cha takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kwa kasi ile ile sisi tunasukumwa kidogo kuliko ndugu zetu wa pwani. Hata hivyo upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, utausukuma mwavuli huo kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 3 hivi. Zidisha kwa sentimita 200 za mlingoti, upate 600. Ndoo ya lita 20 iliyojaa zege ina kilo 48, na kitako chake kina upana wa sentimita 26 hivi, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni 13. 48 mara 13 ni 624. Ndoo imenusurika, lakini chupuchupu.

Sasa upepo uongezeke ufike mita 13 kwa sekunde. Huo si upepo wa ajabu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huzungumzia mita 12.9 kwa sekunde inapotoa tahadhari za upepo mkali. Msukumo unakuwa kilo 5, na hesabu ya juu inakuwa 1,000. Ndoo yenye 624 iko chini, na mwavuli uko chini pamoja nayo.

Mshauri wetu atasema, ongeza. Haya, tuongeze. Ili ndoo ya upana ule ihimili 1,000 inahitaji kilo 77. Mama aliyetoka Munyaka alfajiri na gunia lake la mboga atazitoa wapi nguvu za kuinua kilo 77 jioni? Badala yake, chukua zege lile lile la ndoo moja, usiongeze hata karai moja, ulimwage ndani ya fremu ya mbao ya mraba wenye sentimita 54 kila upande, kwa kina cha sentimita 7. Uzito haujabadilika, bado ni kilo 48. Lakini kutoka katikati hadi ukingoni sasa ni sentimita 27, na 48 mara 27 ni 1,296. Mwavuli uliolala sasa umesimama, na akiba imebaki. Simiti ni ile ile, mchanga ni ule ule, kokoto ni zile zile na fundi ni yule yule. Umbo tu ndilo lililobadilika, na kwa umbo hilo hakuna mtu mjini anayemshauri mwenzake.

Na upepo ukizidi hapo? Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwenye mita 20 kwa sekunde zile kilo 3 za mwanzo zimekuwa 12, na hesabu ya juu ni 2,400. Ndoo ingehitaji kilo 185, karibu magunia manne ya viazi, na bado mlingoti ungejikunja au mbavu zingevunjika kabla stendi haijasogea. Hapo ndipo ushauri wa mawe unapofia. Hakuna uzito ambao binadamu anaweza kuubeba kila siku ukaufanya mwavuli wa biashara uwe nyumba. Kipimo cha upepo alichokianzisha Francis Beaufort wa Uingereza mwaka 1805, ambacho mabaharia na watabiri wa hali ya hewa wanakitumia hadi leo, kina madaraja 12 juu ya utulivu, na maelezo yake ya nchi kavu yanautaja mwavuli kwenye daraja la 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa: hapo kuutumia huwa shida. Kwenye daraja la 6 tu, nusu ya ngazi. Zaidi ya hapo mwavuli unapaswa kuwa umekunjwa, na anayemwambia mwenye biashara kwamba jiwe lingine litamruhusu kuuacha wazi anamdanganya.

Najua jibu la watu wa hapa: upepo wa Eldoret si mkali hivyo, siku nyingi ni shwari. Ni kweli, siku nyingi ni shwari, na ndiyo maana stendi mbovu huishi muda mrefu bila kugunduliwa. Lakini mwavuli hauangushwi na wastani wa mwezi. Huangushwa na dakika 5 za alasiri moja. Mji huu uko kwenye uwanda wa Uasin Gishu, umezungukwa na mashamba ya mahindi na ngano yaliyo wazi, na katika msimu mrefu wa mvua, kuanzia Machi hadi karibu Septemba, wingu hukomaa mchana na kumwaga alasiri. Kabla halijamwaga, hewa iliyopozwa na mvua ndani yake huporomoka, hupiga ardhi na kutawanyika kila upande ikitangulia matone. Ndiyo ile baridi ya ghafla inayokuja na vumbi na makaratasi, watu wakakimbilia chini ya vibaraza. Upepo huo hauna adabu ya upepo wa kila siku. Unatoka lilipo wingu. Aliyefunga kamba kwenye nguzo ya upande wa mashariki kwa kuwa ndiko upepo wake wa kawaida unakotoka, anashtukia amepigwa kutoka magharibi, na kamba yake haina kazi.

Kuna jambo jingine ambalo ushauri wa mawe haujawahi kuligusa, nami naliona ni zito kuliko yote. Wafanyabiashara wengi hutumia bidhaa zao wenyewe kama mzigo wa stendi. Asubuhi gunia la viazi la kilo 50 linakaa juu ya kitako, kando yake kreti za nyanya, na mwavuli unasimama kama mnazi. Kufikia saa tisa gunia limebaki robo na kreti ni tupu. Uzito umeuzwa kidogo kidogo siku nzima, na siku biashara ikiwa nzuri ndipo unapokwisha mapema. Halafu wingu linafika. Mtu aliyefanya kazi kwa bidii zaidi ndiye anayebaki na mwavuli mwepesi zaidi saa ya dhoruba. Mwambieni huyo kwamba ni mzembe!

Niseme na mafundi wa kuchomelea sasa, maana kuna kosa ambalo ni lao na linarekebishika leo hii. Paipu ya stendi karibu kila mara ni pana kuliko mlingoti, na ni fupi. Mlingoti unacheza ndani yake. Mwenye mwavuli anachomeka kijiti au kitambaa, kinalegea, anachomeka kingine. Watu huona mchezo huo ni kero ndogo, kumbe ndio mwanzo wa anguko. Mwavuli uliosimama wima huupa upepo wa ubavuni zile mita za mraba 0.6. Ukiinama ukaupa upepo tumbo lake, eneo linaelekea mita za mraba 3, kwa sababu sasa upepo unaingia chini ya kitambaa na kukinyanyua. Kutoka 0.6 hadi 3 ni mara tano. Kwa hiyo mwavuli unaoyumba kidogo unajiongezea nguvu ya kuyumba zaidi, na ndiyo sababu unaonekana umesimama, umesimama, kisha ghafla haupo. Hakuna jiwe linaloweza kushindana na ongezeko la mara tano. Paipu ya sentimita 40 inayokaribiana na unene wa mlingoti, yenye nati mbili zilizochomelewa ubavuni, moja juu na moja chini, kila moja na bolti yake ya kubana, inaweza. Ni kazi ndogo kwenye karakana yoyote mjini. Haiulizwi kwa sababu mteja ameaminishwa kuuliza kilo.

Hilo la kuinama linahusu pia wanaoukunja mwavuli shingo ili ufuate jua la jioni. Uinamisheni jua likiwaka na hewa ikiwa imetulia. Wingu likianza kujikusanya, shingo irudi wima kabla ya jambo lingine lolote.

Wapo wanaonijibu kwa kunionyesha hoteli. Miavuli mikubwa ya uani mwa hoteli, wanasema, ina vitako vizito na haianguki. Nendeni mkaitazame vizuri. Imezungukwa na kuta na miti inayovunja upepo. Vitako vyake ni vipana, mara nyingi vina mabamba manne yaliyopangwa mbali na mlingoti. Miavuli mizuri ina tundu kileleni lililofunikwa na kitambaa cha pili, ili hewa inayoingia chini ipate pa kutokea. Na juu ya yote, kuna mhudumu ambaye kazi yake ni kuikunja wingu linapotanda, na akiikunja wateja wanahamia ndani, mauzo yanaendelea. Mwenye meza kando ya Barabara ya Uganda hana ndani pa kuhamia. Ukiiga kitako cha hoteli na kuacha hayo mengine yote, umeiga kile ambacho hakikuwa siri yake.

Wala si sisi peke yetu tuliochelewa kulielewa jambo hili. Marekani, nchi yenye mahakama na wanasheria wa kila namna, miavuli ya ufukweni imejeruhi watu kwa miaka mingi, na mwezi Juni 2016 mwanamke mmoja aliuawa na mwavuli uliopeperushwa kwenye ufuko wa Virginia Beach. Ilichukua hadi mwaka 2024 ndipo shirika la viwango la ASTM likatoa kiwango cha miavuli hiyo na nanga zake, kikiweka mpaka wa upepo wa maili 30 kwa saa, takriban kilomita 48. Angalieni walivyoliweka. Hawakumwambia mwenda ufukweni aongeze mawe. Walitaja kasi ya upepo ambayo kifaa kizima lazima kiihimili, mwavuli na nanga pamoja, na wakauelekeza mzigo huo kwa anayetengeneza. Ncha za mbavu za mwavuli ni za chuma, na mwavuli ukilala ncha hizo ziko kwenye kimo cha macho ya mtoto. Kwenye Barabara ya Uganda mwavuli uliotoroka hauangukii mchangani. Unaangukia bodaboda yenye abiria wawili, mbele ya lori linaloelekea Malaba.

Hapa ndipo nafika kwa wale ninaodai wamevuliwa lawama. Miavuli mingi tunayoizungumzia haikununuliwa dukani na wanaokaa chini yake. Imegawiwa na kampuni kwa ajili ya matangazo, na rangi zake mnazijua. Kampuni inachapisha jina lake kwenye kila kipande cha kitambaa, inamkabidhi mfanyabiashara, na inapata bango linalosimama barabarani siku nzima, likilindwa, likifutwa vumbi na kukunjwa jioni na mtu isiyemlipa. Nimeona wengi waliokabidhiwa mwavuli pasipo stendi. Wakaambiwa watafute namna. Wakatafuta namna: ndoo, simiti, jiwe, blada. Mwavuli ukiruka na kumjeruhi mpita njia, jina lililoandikwa juu yake ni la kampuni, lakini atakayeshikwa mkono ni mama wa ndizi.

Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, walioandika habari za safari ile walimwona mfalme wa mji amekaa chini ya mwavuli wa satini nyekundu uliofungwa kwenye mlingoti. Kivuli kile kilikuwa cha aliyekaa chini yake. Kilitangaza heshima yake mwenyewe. Leo anayekaa chini ya mwavuli Eldoret anatangaza heshima ya mtu mwingine, na gharama za kuusimamisha analipa yeye. Anayegawa mwavuli bila stendi amegawa nusu ya kifaa, nayo ni ile nusu yenye faida kwake. Nasema wazi kwamba kampuni inayotaka jina lake lisimame barabarani ilipie kinacholisimamisha: stendi pana, paipu inayobana, kitambaa chenye tundu kileleni. Na itoe maelezo, kwa Kiswahili, juu ya upepo ambao ukifika mwavuli ukunjwe. Ikishindwa hayo, iweke bango lake kwenye ukuta wake.

Mtaniuliza, wakati tunasubiri kampuni zione haya, tufanye nini? Fanyeni msalaba. Vipande viwili vya engo vyenye urefu wa mita 1, vikachomelewa vikikatana, paipu ikasimama katikati, na kila ncha ikapewa kibao cha kukalia mtungi wa maji wa lita 20. Mitungi minne iliyojaa ni kilo 80. Msalaba hupindukia kwenye mstari unaounganisha ncha mbili zilizo jirani, kwa hiyo umbali wa kuhesabu si sentimita 50, ni 35. 80 mara 35 ni 2,800. Stendi hiyo inapita ile hesabu ya 2,400 iliyoishinda ndoo kabisa, ingawa mlingoti wenyewe hautafika huko salama, na bado nasisitiza kukunja. Uzuri wake mkubwa ni jioni. Maji yanamwagwa, au yanaoshea mboga na meza, na kinachobebwa kwenda nyumbani ni chuma chepesi na mitungi mitupu. Msalaba hukaa chini ya meza, ndani ya kivuli cha mwavuli wenyewe, hauchukui hata hatua moja ya njia. Uzito usiouzwa pamoja na viazi, na usiobebwa na mgongo, ndio uzito ninaoukubali.

Linganisha na zege la kilo 48 na zaidi, ambalo kwa kuwa halibebeki huachwa barabarani usiku. Asubuhi mwenyewe analikuta limesogezwa, limevunjwa, au limechukuliwa na askari wa kaunti. Usiku mtu asiyeona vizuri anajikwaa. Ndipo mji unapoanza kusema wachuuzi ni wachafu na wameziba njia, na wale wale waliowashauri waongeze uzito wanageuka kuwalaumu kwa kuuacha uzito huo njiani.

Na kaunti nayo ina lake. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jiji linatandaza kabro. Wakati kabro inatandazwa, mchanga ukiwa bado wazi, kuzika kipande cha paipu cha nusu mita ndani ya zege, mdomo wake ukiwa sawa na usawa wa njia na kifuniko juu yake, ni kazi isiyoongeza gharama ya kutajika. Mlingoti ukiingia nusu mita ardhini na kubanwa, habari ya uzito imekwisha. Hakuna ndoo, hakuna jiwe, hakuna kitu cha kuacha njiani usiku. Tena kaunti yenyewe ndiyo itakayokuwa imeamua mwavuli uwe wapi na usiwe wapi, kwa umbali unaoacha nafasi ya watu, viti vya magurudumu na mikokoteni. Wanaolipa ushuru kila siku wana haki ya kudai tundu moja la paipu.

Nimeshasikia pingamizi dhidi ya hili. Kwamba ukiwachimbia paipu umewahalalisha wachuuzi. Ninajibu kwamba wameshahalalishwa na risiti ya ushuru wanayopewa. Huwezi kupokea pesa ya mtu asubuhi na kusema alasiri kwamba hayupo. Kwamba matundu yatajaa maji na uchafu. Paipu hiyo huachwa wazi chini na kusimamishwa juu ya kokoto, maji yapenye, na kifuniko hufungwa kwa mnyororo mfupi ili kisipotee. Kwamba kila mwavuli una mlingoti wa unene wake. Chagueni unene mmoja wa paipu kwa jiji zima, mtangaze kipimo chake, na kampuni zinazogawa miavuli zilazimike kuleta milingoti inayoingia humo.